Kuni Zilifika Kabla ya Mama

Mafuta ya kondoo yakiyeyushwa hunuka kama koti la zamani lililolowa mvua na kuanikwa juu ya moshi. Msimu mzima wa kahawa, nikiwa darasa la tano, nyumba yetu kule Mukurweini ilinuka hivyo. Cucu, mama yake baba, aliyapasha kwenye kisufuria, akamlaza mama kifudifudi juu ya gunia, akampaka kuanzia kiunoni, kwenye nyonga, akashuka nyuma ya paja mpaka kifundoni, maana maumivu yenyewe yalipita njia hiyo hiyo kama maji ya mfereji. Kisha akaniita nipande. Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kutosha kutembea juu ya mgongo wa mtu bila kumvunja, au ndivyo tulivyoamini. "Kanyaga, usicheze," Cucu alisema. "Huo mshipa umelala, uamshe." Mama aliuma leso. Nilipima kila hatua mara mbili kabla ya kuweka mguu, lakini mfupa wa mtu si ubao; ukiukanyaga vizuri unauma, ukiukanyaga vibaya unauma. Siku ambazo mafuta hayakufaa kitu, Cucu alichuma thabai, majani yanayowasha kama makaa, akamchapa nayo pale pale. Dawa hiyo ilifaulu kabisa: mama alisahau nyonga kwa muda, kwa kuwa ngozi ilikuwa ikiungua.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na siri. Kiwanda cha kahawa kiko chini kabisa bondeni, kando ya mto, na shamba letu liko juu kabisa, kana kwamba aliyepanga alikuwa na ugomvi na wanawake. Kahawa mbivu ilishuka kwa mgongo, ndani ya gunia lililofungwa kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita utosini mpaka ukachimba bonde kichwani. Cucu alikuwa na bonde hilo na aliwaonyesha watu kama mwanajeshi anavyoonyesha nishani. Mama alikuwa bado analitafuta la kwake. Na kulikuwa na sheria ambayo kila mwanamke wa mteremko wetu aliijua bila kufundishwa: mgongo haurudi nyumbani mtupu. Ukishusha kahawa, unapanda na kuni, au majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, au maji. Mwanamke anayepanda mlima mikono ikining'inia ni mgeni, au ni mwalimu, au ana wazimu.

Muuguzi wa zahanati alimwambia mama mambo rahisi. Kwa majuma machache abebe mzigo mdogo na apumzike njiani. Akiokota kitu akunje magoti, asiiname kwa kiuno. Asilale kutwa, atembee kidogo kidogo, na akilalia ubavu aweke mto katikati ya magoti. Tena akamwonya kwamba mguu ukifa ganzi arudi mbio, kwa sababu mshipa uliobanwa sana unaweza kumwacha na mguu usiotii. Mama alikosea kuyarudia hayo mbele ya Cucu. "Ati mto katikati ya magoti!" Cucu alicheka mpaka akashika mlango. "Kwani anaatamia mayai?" Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, na mama mmoja wa kwaya alimuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, vifaranga vitatoka lini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mimi nilipewa jina la Cucu, na kwetu mtoto wa namna hiyo anaruhusiwa kubishana na nyanya yake kama mtu na rika lake. Basi nikaenda kumpigania mama bei.

"Cucu, abebe nusu gunia."

"Nusu? Ni mgonjwa ama ni mtoto? Robo tatu."

"Nusu, na mimi nibebe debe."

"Wewe Njeri, siku moja utaniuza mimi." Akanitazama kama mbuzi wa sokoni. "Haya, nusu. Lakini umwambie ndovu halemewi na pembe zake."

Nilitoka hapo nikijiona mfanyabiashara. Njia ya kushuka nilikuwa nimeipatia bei nzuri. Ile ya kupanda hatukuitaja.

Siku kadhaa mambo yalikwenda. Mama alianza kuvaa viatu bila kushika ukuta, na asubuhi moja nikamsikia akiimba akikamua. Kisha ikaja alasiri moja ya mawingu. Tulikuwa tunapanda kutoka kiwandani, mama amekunja gunia tupu kwapani, na nyuma yetu majirani wanapanda wameinama chini ya kuni zao. "Madam, tukubebee mkoba?" mmoja akauliza. "Mwacheni, yuko na mayai," akasema mwingine. Kicheko chao kilikuwa kifupi, maana mtu aliyebeba hana pumzi ya kutapanya. Mama akasimama. Nikamvuta sketi, "Mama, twende." Akasema, "Nyamaza." Akakusanya matawi ya mkaratusi yaliyoanguka kando ya njia, akayafunga, akainama kwa kiuno, akatia mukwa utosini, akainuka. Alipiga hatua chache tu. Mguu ukakunjika kama mguu wa kitanda uliotoka msumari, akaanguka ubavu, kuni juu yake. Hakulia. Alisema tu, "Siusikii huu mguu."

Wale wanawake hawakuwa watu wabaya. Walimfungua mzigo, wakamwegemeza kwenye ukingo wa njia, wakasema pole, watamtuma mwanamume mwenye mkokoteni. Halafu wakatazama mbingu, wakagawana kuni zake wakaziongeza juu ya zao wazifikishe kwetu, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na kuni mbichi hazipiki. Nilibaki naye. Mvua ilitunyeshea sote wawili. Kuni zilifika nyumbani kavu, na Cucu alizipanga darini jikoni kwanza ndipo akauliza mwenye kuni yuko wapi.

Mguu ule haukurudi wote. Mpaka leo unyayo wa mama hupiga chini kama kofi kila anapoukanyagia. Cucu alizikwa kwa sifa nyingi, na mhubiri hakusahau kulitaja bonde la kichwani. Sasa kahawa hushuka kwa bodaboda, na kule Nyeri mjini wasichana hulipa ili wainue vyuma, jambo ambalo mama hajaacha kuniomba nimweleze. Mimi nauza ndizi kwa jumla sokoni Kagio. Miaka ya kupokea mikungu kutoka kwenye malori imeniachia moto ule ule, kutoka nyonga hadi kifundo. Kijana wa mazoezi ya viungo wa hospitali alinifundisha kulala chali mkekani na kuvuta goti kifuani polepole, tena mchana, kazi ikiendelea nje. Ni maneno ya yule muuguzi, ila huyu nilimlipa.

Juzi mama alikuja kunitembelea akanikuta hapo mkekani saa sita mchana. Alisimama mlangoni akinitazama goti likiwa kifuani. Nilidhani atanisimulia habari za mguu wake. "Unaumwa?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Lala basi," akasema, akaburuta ule unyayo hadi dirishani, akachungulia kama kuna jirani, akavuta pazia nisionekane nimelala mchana. Nimepima mara mbili, na jibu ni lile lile: kutoka nyumba ya Cucu hadi hii yangu, tumesogea upana wa kitambaa hicho.