Kifaranga Aliyebaki Nyuma

Fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa na mikono ambayo mkewe aliipiga marufuku kushika vikombe vya wageni. Ilikuwa mikono ya kukunja nondo. Kikombe kikiingia humo, kilirudi bila mkono wake.

Basi mke huyo alipofunga safari kwenda mji mwingine kwa binti yao, aliyekaribia kujifungua mtoto wa kwanza, maagizo aliyoyatoa mlangoni yalikuwa ya kuku.

"Baba watoto, yule kuku anaatamia, usimsogelee sogelee. Mwekee maji na punje, basi. Wakitoka, nataka niwakute wote wazima."

"Na mimi je?"

"Wewe jikoni unakujua."

Vifaranga walianguliwa asubuhi moja Cheche akiwa anakunywa chai. Mama kuku aliwangoja kidogo, kisha akainuka na kwenda nao uani, akaacha yai moja nyuma. Cheche alitaka kulitupa. Alipoliweka sikioni akasikia mtu anagonga kwa ndani.

Alitafuta boksi, akatandika karatasi ya nailoni ili uchafu usipenye, akaning'iniza taa juu yake, akaliweka yai hapo. Kifaranga alitoka, lakini kesho yake, wenzake walipokuwa wanakimbizana uani, yeye alikuwa bado amelala kifudifudi. Miguu yake ilikuwa imeachana, mmoja kulia mwingine kushoto, kama ya mtu aliyeteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Akijaribu kwenda, alizunguka palepale. Cheche alimpeleka kwa mama kuku. Kuku akamdonoa kichwani.

Jirani yake seremala alichungulia kwenye boksi. "Huyo si wa kupona. Mpe paka, uendelee na kazi zako."

Muda si mrefu simu ya Cheche ikaita.

"Vifaranga wametoka?" mkewe aliuliza.

"Wametoka. Wote wazuri. Na binti?"

"Bado. Wanasema tusubiri."

Alipokata simu, alimwingiza kifaranga ndani ya kofia yake akaenda naye kwenye duka la chakula cha mifugo. Dada muuzaji alimgeuza taratibu, akambonyeza magoti.

"Umemlaza kwenye nini?"

"Nailoni."

"Ndiyo hiyo. Inateleza, mguu hauna pa kushika. Lakini usijilaumu sana, mifupa yake bado laini. Ukimuwahi atanyooka." Alisimamisha vidole vyake viwili juu ya kaunta, akavizungushia utepe wa plasta, na katikati yake akaacha nafasi. "Mfunge hivi. Ile miguu isimame upana wake wa kawaida, isibanane. Mtandikie taulo. Maji umchovye mdomo tu, usimnyweshe kwa nguvu. Na usimfunge kama unafunga mzigo, fundi. Nakujua."

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko geti. Plasta ya kwanza ilinata kwenye kidole gumba cha Cheche. Ya pili ikanata kwenye manyoya, na kifaranga akapiga kelele mpaka jasho likamtoka fundi. Akaweka kila kitu mezani, akaenda kunawa, akarudi. Akaikata plasta nyembamba zaidi, akabana pumzi kama anayeunganisha bati laini. Safari hii ilikaa.

Alimsimamisha juu ya taulo. Kifaranga akaangukia mdomo. Akamsimamisha tena. Akaangukia mdomo.

Kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, alikwenda naye karakana na boksi lake, akaliweka mbali na cheche za moto. Kila alipozima mashine alivua miwani, akachuchumaa pale. Mteja aliyekuja kuchukua madirisha yake alimkuta ameinama kwenye kona, anasema kwa sauti ya chini, "Haya, simama, baba. Taratibu. Hapohapo." Mteja akarudi nyuma na kusubiri nje, akidhani fundi ana mgonjwa.

Simu iliita tena akiwa palepale karakana.

"Amejifungua," mkewe alisema. "Wa kike."

"Wote wazima?"

"Wazima," alijibu harakaharaka.

Cheche aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia yeye kusema kwamba vifaranga wote wazuri. Alirudi kazini, akachomelea bawaba upande usio wake, akazikata, akazichomelea upya, tena upande uleule. Hakumwambia mtu. Chakula kilimshinda. Alichoweza kufanya vizuri ni kubadilisha plasta ya kifaranga, kumchovya mdomo, na kumsimamisha. Siku moja alimsimamisha, akamwachia, akangoja aanguke. Hakuanguka. Aliegemea ukuta wa boksi, akatetemeka, akabaki wima. Kisha akapiga hatua kufuata chenga za mahindi.

Cheche akachukua simu.

"Mama watoto, nilikudanganya. Kifaranga mmoja alitoka na miguu mibaya. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Upande wa pili akasikia mkewe analia.

"Na mimi nimekuficha. Mguu wa mtoto umepinda. Mmoja. Unyayo unatazama ndani. Nilisema ngoja kwanza daktari aongee, nisikutie presha ukiwa peke yako."

"Amesema nini?"

"Asubuhi hii ndiyo ametueleza. Watamfunga plasta ngumu, watakuwa wanaibadilisha kidogo kidogo mpaka unyooke. Anasema tumemuwahi. Anasema atatembea, atakimbia kama wenzake."

Cheche alitafuta pa kukaa, akakalia mtungi wa gesi.

"Nilijua utaniambia amekufa," alisema.

"Nani?"

"Yeyote."

"Hapana, mume wangu. Binti huyu hapa anakula, na mwanawe ananyonya utadhani alishindishwa njaa." Akavuta makamasi. "Huyo kifaranga wako je?"

"Amesimama. Sasa hivi tu."

Mkewe alianza kucheka huku bado analia, na binti akasikika nyuma yake akiuliza kuna nini. Cheche naye akacheka hadi seremala akaja mlangoni na randa mkononi. Mchana ule alikula sahani mbili.

Walirudi wote watatu mtoto akiwa na plasta yake, nyeupe, kubwa kuliko yeye. Cheche alimpokea kwa mikono miwili, na mkewe hakusema neno juu ya mikono hiyo. Alikwenda uani kuangalia mali yake.

"Yuko wapi huyo mgonjwa wako?"

Cheche alitoka na mjukuu kifuani. Vifaranga walikuwa wanapekua vumbi kwa fujo. Alimtazama mmoja, akahamia kwa mwingine. Plasta alikuwa ameibandua kitambo, na wote walikuwa wameota manyoya ya mabawa.

"Labda yule," alisema. "Au yule wa nyuma ya ndoo. Kusema kweli, simjui tena."

"Basi vizuri," mkewe alisema, akaingia ndani kumwandalia binti yao maji ya kuoga.