Kisu Changu Kwenye Harusi ya Jirani

Jamani, mimi mtaa huu wa Shanwe nahama. Naendesha gari la mizigo njia ya Sitalike, nikanunua kisu cha begi la dharura: si cha kukunja, chuma chake kimepita mpaka mwisho wa mpini. Nikakipaka mafuta kisishike kutu.

Juzi jirani yangu, Mzee Rajabu, alikuwa anamwoza binti yake. Kisu cha kuchinjia ng'ombe kikagoma kukata. Nikaleta changu kwa mbwembwe, nikakifuta kwenye suruali. Ng'ombe akachinjwa, watu wakala pilau, Shehe aliyefungisha ndoa akilamba vidole, mimi nasifiwa tu.

Mzee akanirudishia. "Mwanangu, unakipaka nini hata kinang'aa hivi?"

Mdomo ukawahi akili: "Mafuta ya nguruwe, Mzee, yale ya kitimoto."

Shehe akanitazama, kidole bado kiko mdomoni.