Gia za Pikapu ya Mativo

Mwaka wa 1979, Mativo, fundi wa magari pale Kariobangi, alihangaika wiki tatu kuisokomeza injini ya lori ndani ya pikapu yake kuukuu. Wenzake walimcheka weee, lakini Jumamosi injini ikanguruma. Shida ilikuwa gia boksi. Nayo ilikuwa ya lori, na mkono wa gia ukatokezea kushoto, katikati ya magoti ya abiria.

"Si neno," alisema Mativo.

Abiria wa kwanza akawa mama mkwe wake, Mbeti, aliyekuwa akirudi Machakos. Hapo jasho likamtoka Mativo. Mkamba gani atapeleka mkono kwenye magoti ya mama mkwe? Na kumpakia nyuma na magunia ni matusi. Basi akaingiza gia ya kwanza kabla mama hajapanda, akaenda nayo hiyo hiyo mpaka Donholm, injini ikipiga mayowe.

"Mwanangu, gari hili lina gia moja tu?"

"Ziko nne, Mama. Ila... ziko upande wako."

Mbeti akatazama magoti yake, akacheka mpaka machozi. "Niambie tu, nitavuta mimi."

Kufika Athi River, hakungoja tena kuambiwa. "Wewe shika usukani," alimfokea mkwewe, "na ukanyage klachi nikikwambia!"