Sarafu Mbili za Shamba la Uroa

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kila niwaonapo vijana wakitembeza pwani zile mashine zinazolia zikihisi chuma au shaba ardhini. Haroub, mjukuu wa dada yangu, anayesoma chuo Tunguu, alinijia nyumbani Mkunazini pamoja na dada yangu mwenyewe, Bi Zuwena, na dalali mmoja aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri mno.

Waliniwekea mezani sarafu mbili za shaba na kipande kizito cha risasi chenye tundu. Vimetoka, walisema, katika shamba la dada yangu la Uroa, karibu na ufukwe. Dalali alidai kuwa chini yake imelala hazina, na alitaka auziwe shamba siku hiyo hiyo, kabla habari hazijaenea. Dada yangu hana ardhi nyingine, na alikuwa ameshakubali. Kwangu walitaka sahihi ya shahidi tu.

"Babu, soma mwenyewe mwaka," akasema Haroub. "Elfu moja mia mbili tisini na tisa. Miaka mia saba na ushee!"

"Mia saba kwa hesabu ya nani? Huo ni mwaka wa Hijria. Sarafu hii haijatimiza hata miaka mia na khamsini. Madrasa ulikuwa unasinzia?"

Dada yangu akacheka. Dalali hakucheka, akanyanyua kile kipande cha risasi. "Na huu, sheikh wangu, ni muhuri wa Mreno. Wazee wote wanasema."

"Wazee wepi? Na mimi mzee, nami nnasema hii ni chubwi ya kuzamishia mshipi wa kuvulia."

Neno hilo "wanasema" sijalipenda tangu ujana. Niliwahi kumpelekea marehemu mjomba wangu habari kwamba meli imezama bandarini. Akaniuliza, "Umeiona?" Nikamjibu kuwa watu wanasema. Akanirudisha bandarini nikaitazame, jua la saa saba, na mimi nimefunga Ramadhani. Meli nikaikuta inapakua mchele.

Basi nikazichukua zile sarafu na kuzitazama vyema. Zilikuwa safi kama sinia lililosuguliwa kwa ukwaju kwa ajili ya Idi, ilhali shaba iliyolala katika mchanga wa chumvi hutoka na kutu ya kijani.

"Nani aliyeziona zikiwa bado ardhini?" nikauliza.

Haroub akainamisha kichwa. "Hakuna, babu. Mashine ya huyu dalali ililia, naye akatwambia tuelekee kibla, tufumbe macho, tusome Fatiha ili jini mlinzi aondoke. Tulipogeuka, keshazishika."

"Nyote mlifumba?"

"Sote. Hata bibi."

Nikamgeukia dalali. "Twende Uroa sasa hivi, uchimbe tena pale pale. Fatiha nitaisoma mimi, na macho yangu yakiwa wazi."

Akaitazama simu yake, ingawa haikuwa imelia, akasema ana mgeni uwanja wa ndege. Viatu alivivalia njiani, na sarafu alizisahau mezani.

"Kaka, pengine umemfukuza mtu mwema," akanung'unika dada yangu.

"Pengine. Basi na arudi."

Hajarudi, na muhogo wa Uroa bado anaupanda dada yangu.

Mwanangu, ukiokota kitu cha kale, kiache na kutu yake na ukumbuke mahali ulipokitoa, kisha ukawaoneshe wanaohusika na mambo ya kale serikalini, maana kitu kisichojulikana kilikotoka kinaweza kusemewa uongo wowote. Ukitajiwa wazee, uliza majina yao. Anayekuharakisha utie sahihi, mwambie asubiri kesho. Na Fatiha haikushushwa ili tufumbiane macho. Anayekutaka uisome ili usimwone anachofanya, muogope yeye kuliko jini.

Mwenyezi Mungu akujaalie jicho lisilodanganyika na moyo usio na papara, akuhifadhie ardhi ya wazee wako, na riziki yako aifanye ya halali, isiyokulazimu kumficha mtu ilikotoka. Amin.