Kamba ya Kupimia Picha

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa kuukuu na yenye kiburi. Ukichungulia kwenye kidirisha, kila kitu safi. Picha ikitoka, watu wote ukungu mtupu. Ilitaka upime mwenyewe umbali kutoka kwenye lenzi hadi puani kwa mtu, kisha uzungushe pete ya lenzi mpaka kwenye namba ya mita. Pete yenyewe ilikuwa ngumu, naishika kwa kitambaa huku nimeuma meno. Mimi hasira zangu ziko karibu, basi niliitukana sana kamera ile.

Dawa yake ilikuwa kamba ya katani yenye fundo kila mita. Mteja anashika ncha moja usoni, mimi nyingine, tunahesabu mafundo. Pale Bunda nilikofanyia kazi, watu walishanizoea. Filamu zilikuwa zimeanza kuonekana tena madukani, baada ya ile miaka ya kupanga foleni hata kwa kipande cha sabuni, na watu walikuwa na kiu ya picha.

Ni Butiama ndiko kamba ilikoniponza. Nilikwenda kumpiga picha mzee mmoja, lakini roho yangu ilikuwa kwa binti yake, niliyezoeana naye mnadani. Nilitaka mzee anione mtu wa maana kabla sijapeleka posa. Akaketi mbele ya nyumba na koti lake. Nilipompa ncha ya kamba, akarudisha mkono haraka.

"Wewe kijana, huku kwetu mzee akishika kamba mbele ya watu, amepokea ng'ombe. Mimi nimepokea nini kwako?"

"Baba, hii ni ya kupimia tu."

"Ndivyo wanasemaga wote."

Majirani wakacheka. Nikikisia umbali nitamletea ukungu, na mkwe wa ukungu nani anamtaka?

Binti akatoka jikoni, akaichukua ile ncha, akaisogeza karibu na sikio la baba yake. Fundo la tatu. Nikazungusha pete, nikamwambia sasa aachie. Akatabasamu tu. Nikafyatua.

Filamu niliisafishia Musoma, picha nikaipeleka mwenyewe. Mzee alikuwa ametoka safi, hadi vifungo vya koti. Pembeni yake ulionekana mkono wa binti, na kamba imenyooka kuja kwangu. Mzee aliitazama weee, halafu akanitazama mimi.

"Kamba imeshashikwa," akasema. "Ng'ombe wako wapi?"