Siku Laga Ilipotufungia Pangoni

Mwezi uliopita nilikuwa nimelala kifudifudi ndani ya pango, kwenye vilima vya njia ya Kakuma, nimeshika ncha ya utepe wa kupimia. Sisi ni kikundi cha kujitolea tu: muuguzi, mwalimu, dereva na vijana wa kambi ya wakimbizi. Jumamosi tunaingia mapangoni, tunayapima na kuyachora. Mbele yangu kijana mmoja Mkongomani alikuwa amebanwa na mwamba. "Dada, niko nakwama!" akalia. Nikamwambia, "Toa pumzi yote. Usivute, toa tu." Akapita. Mimi nikabaki palepale, maana maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya jirani yetu wa utotoni, Lodwar.

Nyanya yangu alitoka bara akimfuata mwanawe aliyeajiriwa serikalini, akaanza kuuza mandazi. Hadi leo nikisikia harufu ya iliki ndani ya mafuta ya moto, naamka mtoto. Jirani, mjane wa Kiturkana kutoka Kaikor, aliuza chai ya maziwa ya mbuzi. Alfajiri moja mbuzi wake akala unga wetu wote uliokuwa ukiumuka. Basi, wakaacha kusemezana. Mimi ndiye niliyepeleka maneno kupitia ua wa miti: "Mwambie huyo moshi wake unatuingilia," nyanya alisema. "Na wewe mwambie upepo ni ya Mungu." Nyanya alizoea kusema jirani huchaguliwa na mwenye nyumba, wewe hupewa tu.

Jumapili moja akina mama wa kanisa, nyanya na jirani wakiwemo nami nyuma yao, walikwenda kuwapa pole wafiwa ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga ambao hupata maji mvua inaponyesha tu. Tulipokuwa tukirudi wengine walitangulia. Nyanya alikuwa mzito wa mwili, nami nilimshika mkono. Jirani alitembea peke yake kando, amenuna. Mbingu juu yetu ilikuwa kavu, lakini milimani kulikuwa kumenyesha. Tulisikia mngurumo tukiwa katikati ya mchanga. Jirani ndiye aliyepiga kelele, "Huku! Kimbia!" akatuingiza kwenye pango la ukingoni ambamo wachungaji hujificha jua.

Maji yakaja ya rangi ya chai, yamebeba magogo, yakaziba njia, kisha yakaanza kuingia. Mwisho wa pango palikuwa na ufa mwembamba wa kupandia juu. Jirani akanisukuma kwanza, akafuata yeye, kisha akamvuta nyanya. Nyanya akafika kifuani, akakwama. Mwili wake ukaziba mwanga wote. Giza, harufu ya popo, na chini yetu maji yakibubujika. Sikuweza kumwona, nilisikia kucha zake tu zikikwaruza mawe.

"Maji yamefika magotini," akasema. "Mniache."

"Toa pumzi yote, mama. Usivute, toa tu."

"Nakufa mimi."

"Hufi leo. Bado hatujamaliza ugomvi yetu."

Kisha nyanya akacheka. Alicheka kweli, kicheko cha tumboni kilichomtoa hewa yote, na jirani akavuta kwa nguvu zake zote. Nyanya akatuangukia kama gunia, blauzi imechanika, bado anacheka na kulia.

Tulikaa kule juu magoti yetu yakigusana, hakuna pa kugeukia. Niliomba kwenda nyumbani hadi sauti ikaniisha. Nyanya akafungua leso, akatoa mandazi yaliyobaki, akampa jirani kwanza.

"Hii ndiyo ile mbuzi yangu ilikula?"

"Ndiyo hiyo."

Akatafuna polepole. "Basi haikukosea."

Maji yalishuka jioni, tukatoka tukiwa tumejaa tope. Tangu hapo nyanya alimwita "dada" juu ya ua, wakagombana kwa midomo yao wenyewe, nami nikakosa kazi.

Kisha ukame ukaja, jirani akarudi kwao. Nyanya naye tulimzika bara. Pale walipouzia siku hizi ni duka la simu.

Juzi nilipita Kaikor, nikauliza dukani habari za mama mmoja aliyewahi kuuza chai Lodwar. Mwenye duka akanitazama kwa huruma. "Wako wengi. Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Miaka yote ile tulimwita jirani. Nikasimama mlangoni, jua likinichoma kisogo, nikitafuta jina ambalo sikuwahi kuliuliza.