Malkia Bandia wa Masoomah

Masoomah alizaliwa Tanga, akaolewa Arusha, lakini ufundi wake aliupatia Toronto: kuunda meno ya bandia. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika karakana moja ya Agincourt, kitongoji cha huko, ameinama juu ya kalibu, akimimina madini ya moto na kuchonga magego ya watu asiowajua. Macho yake yalizoea vitu vidogo. Kwa hiyo siku mfanyakazi mwenzake Dragica, mwanamke wa Kiserbia, alipomwonyesha sarafu ya fedha nyembamba kama ganda la kitunguu, Masoomah hakuirudisha upesi.

"Inaitwaje hii?"

"Dinari," Dragica akasema. "Ya wafalme wetu wa kale."

Masoomah akacheka. "Dinari! Na bibi yangu alikuwa akizitaja, kwenye hadithi za masultani."

Neno hilo moja likamnasa. Alipostaafu akaanza kuzikusanya. Mawifi wakamshangaa: wenzake wanaweka dhahabu za kuozea mabinti, yeye anaweka visarafu vyeusi vyenye misalaba! Hakujali. Alijifunza kusoma maandishi yake herufi moja moja, kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu, mpaka akawajua wafalme wale kwa majina na kwa viti vyao vya enzi.

Kipenzi chake kilikuwa dinari moja adimu, ya mfalme Dushan na malkia wake wamesimama bega kwa bega. Aliitafuta miaka mingi, akaipata kwa muuzaji wa mtandaoni. Kwa hiyo chama cha wakusanyaji wa sarafu kilipoandaa maonyesho, katibu wake Gaël, Mkongo mpole mzaliwa wa Bukavu, alimpigia simu.

"Mama, ile ya malkia tutaiweka katikati ya meza. Waserbia watakuja wengi."

Masoomah akaitoa kuiandaa. Alipoigeuza chini ya lenzi, mwanga ukapiga ukingoni. Vitundu. Vidogo kama ncha ya sindano, vimejipanga ubavuni. Alivijua vitundu vile, alipigana navyo karakanani miaka nenda miaka rudi: madini yakimiminwa kwenye kalibu bila uangalifu, hewa hunaswa ndani. Na dinari za kale hazikumiminwa kwenye kalibu. Kila moja iligongwa kwa nyundo kati ya chapa mbili.

Mumewe, Mohamedraza, alimkuta bado ameshika lenzi, chai imepoa.

"Mama Hira, kuna nini?"

"Malkia wangu ni wa kumimina. Nimeuziwa bandia."

Mohamedraza akaitazama, hakuona kitu. "Sasa nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi usiipeleke. Sema umeiweka mahali hukumbuki."

"Nitaipeleka. Nikiificha, atakayeuziwa nyingine kama hii atajifunzia wapi?"

Gaël alipoambiwa alisita. "Mama, mbele ya watu wote? Hutaona aibu?"

"Aibu ni ya aliyeimimina," Masoomah akamjibu.

Siku ya maonyesho malkia alikaa pale pale katikati, ubavuni pake dinari nyingine ya kweli, na mbele yake kadi: "Hii ni bandia. Niliinunua nikidhani ni ya kweli. Tazama ukingo." Masoomah alisimama kando, mtandio umetulia kichwani, lenzi mkononi. Wa kwanza kuisoma walitabasamu wakapita. Kisha mmoja akarudi, akaomba lenzi. Akamwita mwenzake. Haukupita muda mstari ukawa unafika mlangoni, na Masoomah anawaeleza mmoja mmoja: hapa hewa ilinaswa, na hapa, kwenye ile ya kweli, ona fedha ilivyotanuka kwa nyundo.

Binti yake Hira, aliyetoka Markham, mji wa jirani, naye alipanga mstari kama mgeni. Huyo tangu utoto alikuwa akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Zamu yake ilipofika akasema polepole, kwa Kiswahili, "Mama, na mimi nionyeshe." Masoomah alimshika bega, akamwinamisha kwenye lenzi.

Mwisho akaja mzee wa Kiserbia, jina lake Radomir. Alifungua leso, ndani mna dinari aliyoachiwa na mama yake. Hakuwahi kuthubutu kumuuliza mtu, alisema, asije akaambiwa neno baya. Masoomah aliizungusha ukingo mzima, taratibu.

"Imegongwa kwa nyundo," akamwambia. "Ni ya kweli."

Mzee alinyoosha mkono, akauona mtandio, akaurudisha mkono kifuani pake na kuinama.

Kwenye gari Mohamedraza hakugusa hata ufunguo. Alikuwa amekwishampigia ndugu yake aliye Tanga. "Shaukat, ungemwona shemeji yako! Waserbia wamempangia mstari! Wanamuuliza yeye, habari za wafalme wao!"

"Washa gari, baridi inatuua," Masoomah akasema, akaangalia dirishani kuficha tabasamu. Lakini simu hakumwambia akate.